Mizabibu ya Shamba la Mawe

Samburu, Kinango
4 Februari 2025

Mwanangu Faith,

Kabla hujauliza: mimi ni mzima, magoti yananiuma kama desturi yake, na dawa sitaki. Mbuzi wawili wamezaa mapacha. Husna jirani ameozesha binti yake wa pili, tumekula pilau mpaka Jumatatu. Na huko Dodoma kwenu je? Unakula? Mara ya mwisho ulirudi hapa umekonda, nguo zinakupwaya, nikanyamaza kwa adabu. Safari hii sitanyamaza.

Nakuandikia kwa mkono, na barua nampa Tobias, yule dereva wa lori apitaye hapa kuelekea Taveta, Arusha mpaka huko uliko. Simu ya boma hili ni moja, nayo ni ya ndugu yangu Fondo. Neno likipita humo limeshapita sikioni mwake kwanza. Nawe nijibu kwa njia hiyohiyo.

Sasa nisikilize. Unaikumbuka mizabibu yangu? Ule mwaka wa kiangazi kikuu nilipofukia ng'ombe kumi na wanane, Griffin, yule mtunza bustani wa hoteli moja ya Diani, aliniletea vipando vya mzabibu kwenye gunia bichi. Mwenye hoteli alitaka kichanja cha mizabibu kiondolewe apate pa kuweka meza. Nikavipanda katika lile shamba la mawe alilotuachia babu yako, mistari minne, kila mstari mizabibu kumi na miwili. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mchungaji aliniuliza mbele ya kanisa kama nimeanza kupanda pombe. Nikamwuliza, divai ya Meza ya Bwana inaota dukani? Akahamia kwenye matangazo.

Leo hawacheki, wanataka kung'oa. Fondo amempata mtu wa machimbo ya kokoto anayelitaka shamba lote. Wajua mwenyewe hati ina majina mawili: la Fondo na la marehemu baba yako, ambalo sasa ni lako. Mimi mwanamke sikuandikwa. Nilikwenda kwa Mzee Matano anayesimamia baraza la ukoo, akanikumbusha desturi yetu: ardhi ni ya aliyeandikwa, mti ni wa aliyeupanda. Mti wangu ukiwepo, hakuna atakayevunja hata jiwe moja bila mimi kukubali. Ila mti unaohesabiwa ni ule uliozaa. Ambao haujazaa ni kichaka tu. Baraza litakuja kuhesabu mwisho wa Agosti.

Na mizabibu yangu haizai, Faith! Miaka miwili na zaidi, majani tu. Na majani yenyewe mazuri, yananawiri, kwa kuwa kila siku ya Mungu naimwagilia, punda anabeba maji kutoka bwawani. Wewe una miaka sita katika shamba la mizabibu. Niambie nakosea wapi.

Shangazi yako,
Kache


Dodoma
23 Februari 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nakupa shikamoo hii kwa mikono miwili, maana najua nimechelewa kukuandikia tangu Krismasi. Ninakula, usijali. Mama mwenye nyumba ninakopanga ananipikia mlenda, nimeuzoea sasa kuliko mchicha. Mpe Husna hongera zangu.

Kosa lako nimelijua kabla sijamaliza kusoma. Unaipenda mno.

Mzabibu unaostarehe hauzai, shangazi. Ulikotoka kuna baridi kali. Baridi inauangusha majani, mti unalala, na ukiamka unaamka na maua. Kwetu hakuna baridi ya namna hiyo, kwa hiyo mkulima ndiye anayekuwa baridi. Fanya hivi. Unyime maji mwezi mzima mpaka majani yaanguke. Kisha chukua mkasi ukate kila tawi, ubakize macho mawili tu ya kuchipulia. Baada ya hapo mwagilia siku tano mfululizo. Baada ya wiki nne au tano utaona maua, na karibu miezi minne tangu kukata, unavuna. Ukitaka baraza lione tunda mwisho wa Agosti, usivuke mwezi wa Mei.

Lakini nisikufiche. Mwaka jana wataalamu walituletea ramani wakaibandika ofisini. Penye kijani ndipo mzabibu utakapoweza kuishi miaka thelathini ijayo, penye wekundu ni pa kusahau. Dodoma yenyewe imeshaanza kuwa rangi ya chungwa, mwajiri wetu anasema ataihamishia mizabibu nyanda za juu kwenye baridi. Na Samburu yetu, shangazi, ni nyekundu kama pilipili iliyoiva. Nililitafuta boma letu kwa kidole mpaka nikalipata, kisha nikaondoa kidole.

Sitaki ujivunje mgongo kwa shamba ambalo hata ramani imelikatia tamaa. Huenda kuna njia nyingine ya kuishi uzeeni kwa raha. Lifikirie hilo, tafadhali.

Mwanao,
Faith


Samburu
16 Machi 2025

Faith,

Nimepata salamu zako, nashukuru. Sisi tupo. Joto la mwaka huu si la mchezo, kuku wanahema midomo wazi tangu saa nne asubuhi. Mbuzi mmoja katika wale mapacha amekufa.

Ramani hiyo aliyeichora ni nani? Alipita hapa? Alikunywa maji ya bwawa gani? Mwambie Kache wa Samburu anasema rangi nyekundu ni rangi ya udongo wetu tangu hajazaliwa bibi yake, na udongo huo umelea watu. Wengine na wahame nayo, wakaitafute baridi huko milimani. Mimi sina mlima. Ninapohamia ni hapahapa.

Ama hilo la kuinyima maji, halitakuwa. Hebu nikueleze, maana wewe ulikuwa mbali, ukapigiwa simu tu. Ng'ombe wa mwisho kufa alikuwa Kadzo, yule mweupe mwenye pembe moja. Alilala mbele ya mlango wangu siku nne. Kila nikitoka ananitazama. Kikombe changu cha maji nilikuwa nikigawana naye, nusu kwangu, nusu nampaka ulimini. Alipokufa niliapa, mbele ya mizoga yote, kwamba kitu chenye uhai kikiwa mkononi mwangu hakitalia kiu nami nina maji. Kila mzabibu nimeupa jina. Kumi na minane ya kwanza ina majina ya ng'ombe wangu. Sasa unaniambia nimnyime Kadzo maji mwezi mzima kwa makusudi, halafu nimkate mikono? Wewe mwana, umekuwa na moyo wa namna gani huko?

Nitafutie njia nyingine.

Na jambo la pili. Barua yako nimeisoma mara tatu. Nilikuandikia kuhusu Fondo na mtu wa kokoto. Katika majibu yako jina la Fondo halimo hata pembeni.

Shangazi,
Kache


Dodoma
5 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Pole sana kwa mbuzi. Hapa tuko salama, shukrani kwa Mungu. Kazini tumepewa mapumziko kidogo, nimepata nafasi ya kufua na kukuandikia.

Hakuna njia nyingine. Ningekuwa nayo ningekupa.

Nikueleze nilichokiona mwezi uliopita, labda utanisamehe ukali wangu. Zamani hapa mvua ilikuwa inajua siku zake. Zabibu zikianza kuiva, mbingu inakauka, tunda linakuwa tamu. Mwaka huu zimeiva, tumeshapanga ndoo, ikanyesha siku tisa bila kupumzika. Zabibu zikapasuka zikiwa mtini. Ukungu ukaingia, shamba zima likanuka kama siki. Tulikata vichala tukavitupa mtaroni kwa koleo. Mzee mmoja niliyekuwa nafanya naye kazi, ana miaka arobaini katika kilimo hiki, alikaa chini kwenye matope akalia. Kwa hiyo usinieleze mimi habari ya moyo. Ninao.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Kadzo alikufa kwa sababu mvua ilikataa. Mzabibu haufi kwa kunyimwa maji mwezi mmoja, unalala tu. Ukiuhurumia, wewe ndiye utakayeuua, kwa kuwa Agosti ikifika bila tunda watauita kichaka na tingatinga litaupitia. Majina yote arobaini na nane, shangazi. Kwa asubuhi moja.

Kata. Nakuomba. Nakutumia mkasi wangu wa kupogolea kwa Tobias, mzuri, nimeunoa mwenyewe.

Faith


Samburu
27 Mei 2025

Faith,

Barua yako ya Aprili imenifikia tarehe kumi na saba mwezi huu. Lori la Tobias lilivunja ekseli karibu na Taveta, likakaa kwa fundi wiki nne, barua na mkasi wako vikalala ndani ya kabati la dereva.

Kwa hiyo ujue kwamba sikukutii. Masika hayakuja. Bwawa likashuka mpaka tukawa tunachota tope kwa bakuli, na maji yaliyopatikana yakawa ya watoto na mbuzi. Kuanzia katikati ya Aprili sikuwa na tone la kuipa mizabibu. Kila jioni nilikuwa napita kati ya mistari nikiiomba radhi, nikitaja jina mojamoja. Majani yakaanguka yote. Fondo alisimama kando akasema, "Dada, sasa umebakiwa na fito." Nikamwambia aondoke kabla sijamfundisha kazi ya fito.

Kisha mvua ya kuchelewa ikanyesha usiku mmoja na nusu, bwawa likapata maji ya kiunoni, na asubuhi yake Tobias akapiga honi barabarani. Nikasoma. Kumbe nilikuwa nimefanya kazi yako kwa lazima bila kujua! Nikacheka peke yangu, nikalia, kisha nikachukua mkasi. Mstari wa kwanza nilikata nimefumba jicho moja. Kwa Kadzo nilimwambia, "Mama, nivumilie." Mstari wa pili mkono ulizoea. Wa tatu nilikata nikiimba. Macho mawili mawili, kama ulivyosema.

Nilipofika mwanzo wa mstari wa nne, Fondo akaja na bahasha. Akasema, "Dada, unajichosha bure, mwenzako ameshakubali tangu Januari." Akanitolea karatasi ya makubaliano ya kuuza. Chini kuna sahihi yake. Kando yake kuna sahihi yako.

Najua kusoma, Faith. Na mwandiko wako naujua. Herufi F niliyokushika mkono kukufundisha, hapa, kwa kijiti, kwenye mchanga wa ua huu.

Mkasi niliuweka chini. Mstari wa nne sijaukata. Maji naipa yote minne.

Kache


Dodoma
22 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Najua huenda usiitikie. Sitauliza habari za mbuzi wala za Husna, maana nikianza hapo nitakuwa najificha tena.

Ni kweli nimeweka sahihi. Fondo alinifuata Mombasa baada ya Krismasi nilipokuwa kwenye matibabu ya jino, akanikuta, akanisomea, nikatia sahihi mwezi wa Januari kwenye meza ya mkahawa, nikala na chapati. Hakunilazimisha. Nilikuwa nimeiona ile ramani. Nilisema shamba limekufa, shangazi amezeeka, mizabibu ni uchungu wa ng'ombe tu, utapita. Fungu langu nilitaka kununulia ekari moja huku Dodoma niwe na mizabibu yangu mwenyewe, mahali penye kijani. Hata barua yako ya kwanza ilipokuja nilikujibu kama mtaalamu, kumbe nilishakuuza.

Na lingine nililokuficha. Si mapumziko. Shamba limefungwa tangu Machi, tangu ile mvua. Mwajiri amehamia milimani, akachukua watu wanne, mimi simo. Tangu Aprili nachambua karanga sokoni. Ile ekari yenye kijani niliyoitaka, mwenyewe ameing'oa mizabibu yote amepanda alizeti.

Nimekaa nikafikiri sana. Kila aliyenifundisha kazi hii anakimbia. Wanaofuata ramani wanahama, na ramani nayo inahama. Katika watu wote ninaowajua, aliyebaki amesimama ni wewe, na mimi ndiye niliyekuwa nakuambia ukae chini. Naona haya, shangazi. Naona haya mpaka chakula hakipiti.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine. Nimeandika kwamba nafuta kibali changu, nimeweka sahihi mbele ya wakili. Mpe Mzee Matano. Bila jina langu Fondo hawezi kuuza, tunda liwepo lisiwepo. Hutahitaji kushinda chochote.

Jua la Julai na Agosti likipiga vichala vichanga litavibabua. Vitilie kivuli saa za mchana.

Faith


Samburu
14 Septemba 2025

Faith,

Marahaba.

Nimekaa karibu miezi mitatu bila kukujibu, na si Tobias aliyechelewa. Amepita hapa mara tano, kila mara ananiuliza, "Mama, kuna barua?" namwambia bado haijaiva. Sasa kaa kitako.

Maua yalitoka Juni, madogo, hata huyaoni usipoinama. Husna ndiye aliyeyaona kwanza, akapiga kigelegele mpaka watu wa barabarani wakadhani kuna harusi nyingine. Julai tukawa na punje kama pilipili manga. Jua nalo likaamka na visu vyake. Nikashona magunia, mimi na Husna, tukayafunga kwenye fito juu ya mistari mitatu, kila siku saa tano tunayatandaza, saa kumi tunayakunja. Nyani walikuja mara mbili. Sitakueleza nilichowafanyia, ila wamehamia ng'ambo.

Tarehe thelathini Agosti baraza likaja. Wazee saba, Fondo kavaa koti, na yule bwana wa machimbo ndani ya gari lake, kioo juu, kiyoyozi kinanguruma. Mzee Matano akapita mti kwa mti na fimbo yake. Mti wa kwanza, tunda. Wa pili, tunda. Katika thelathini na sita niliyokata, thelathini na mmoja imezaa. Kadzo peke yake vichala tisa!

Fondo akasema, "Lakini ni mbichi, wazee. Onjeni. Hilo ni tunda gani?" Mzee Matano akachuma punje moja akatafuna. Uso wake wote ukakunjamana, machozi yakamtoka, nikadhani tumekwisha. Akatema, akafuta mdomo, akamtazama ndugu yangu. "Fondo," akasema, "ndimu nayo ni kali, na mndimu una mwenyewe. Andikeni: thelathini na mmoja, ya Kache." Bwana wa kokoto alishusha kioo, akasikia, akapandisha kioo, akaondoka. Fondo hajasema nami tangu siku hiyo, isipokuwa juzi aliomba kichala. Nikampa. Ni ndugu yangu, na sasa zimeiva, rangi ya zambarau, watoto wa Husna wana madoa mpaka masikioni. Mchungaji naye amekuja kuuliza bei. Wenye ramani waambie waje na rangi yao wapake upya.

Sasa wewe.

Karatasi yako ya wakili nakurudishia, iko humu ndani. Sikuitoa. Ilikaa chini ya godoro langu siku zote hizo, na kila nilipozidiwa na hofu niliigusa, sikatai. Lakini sikutaka shamba langu libaki kwa sababu mtoto amenionea huruma baada ya kuniuza. Nilitaka libaki kwa sababu lina tunda. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, na moyo wangu haujafa, ingawa siku ile mbele ya Fondo uliuma kuliko siku ya Kadzo. Nakuambia waziwazi ili usije ukadhani nimesahau. Karatasi hiyo ukitaka kuitoa, itoe mwenyewe, kwa mkono wako, mbele ya baraza, wakikuangalia.

Mstari wa nne bado uko vilevile. Mizabibu kumi na miwili, majani matupu. Wazee waliuita kichaka, Fondo akataka aung'oe palepale. Nikaomba muda, si kwa jina langu. Nikasema mstari ule una mwenyewe, yuko safarini. Mzee Matano ameupa mpaka mwisho wa Januari uonyeshe tunda. Mimi siukati. Mkono wangu ulisimama pale kwa sababu yako, na hautaendelea kwa niaba yako. Usipokuja, Februari mosi nitamshikia Fondo jembe mimi mwenyewe.

Tobias anasema lori lake lina nafasi mbele tarehe kumi Oktoba. Mkasi wako ninao, umepoteza makali, njoo na tupa ya kunolea.

Tangu jana mstari ule siupi maji.

Shangazi yako,
Kache